Nani Anakufahamu Hapa?

Fomu ya kuombea nyumba mjini Toronto huwa na sehemu ambayo mgeni hana cha kuandika. Inataka mahali pawili ulipoishi mwisho, jina la mwenye nyumba wa kila mahali, namba yake ya simu na sababu ya wewe kuhama. Ukishuka chini inataka mwajiri wa sasa na aliyemtangulia, mshahara, benki, madeni unayolipa kila mwezi, watu wawili wanaokufahamu, na hata gari unaloendesha. Nilikuwa nimefika Januari kutoka Morogoro, ambako nilifanya kazi ya uuguzi kwa miaka mingi. Nilijaza jina na tarehe ya kuzaliwa, kisha kalamu ikasimama.

Hela haikuwa shida yangu siku ile. Nilikuwa na akiba, nilikuwa na ukaazi wa kudumu, na nilishapata kazi ya jikoni katika nyumba ya kutunzia wazee huku nikisubiri vyeti vyangu vya uuguzi vikaguliwe. Nilichokosa ni mtu wa pale pale wa kusema, "Huyu namjua." Naandika haya kwa sababu hadi leo napigiwa simu na watu waliotua juzi, na karibu wote huanza kwa kulalamikia bei. Bei ni kubwa kweli, sibishi. Lakini wengi niliowaona wakikataliwa walikuwa na kodi yao mfukoni.

Kwetu nako hupati nyumba bila udhamini, ila udhamini wenyewe una sura ya mtu. Nilipohamia Morogoro, dalali alinipeleka kwa mama mmoja maeneo ya Kihonda. Mama yule hakutaka karatasi. Aliniuliza natoka wapi, nafanya kazi gani, kwetu ni kina nani, halafu akauliza alichokuwa anakitaka tangu mwanzo: nani anakufahamu hapa? Nikamtajia hospitali. Kesho yake nilipokwenda na kodi ya miezi sita, alikuwa ameshamwuliza jirani ambaye binti yake alijifungulia wodini kwetu, na ameshaambiwa kwamba sina maneno makali na wagonjwa. Nikalipa, dalali akachukua chake, yaani kodi ya mwezi mmoja, nikaenda kujitambulisha kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, yakaisha. Sisemi utaratibu ule hauna ubaya. Miezi sita kwa mkupuo ni mzigo mzito kwa kijana anayeanza maisha, na nimeshuhudia wasichana wakinyimwa vyumba kwa sababu tu hawajaolewa. Hata hivyo mgeni wa Morogoro ana pa kuanzia. Atakuwa na shangazi, au kanisa, au msikiti, au fundi aliyewahi kufanya naye kazi, na neno la mmoja wao litamfikia mwenye nyumba kabla jua halijazama.

Toronto swali ni lile lile, ila hawaulizwi watu, zinaulizwa kumbukumbu. Kampuni mbili, Equifax na TransUnion, hutunza habari za namna kila mtu anavyolipa madeni yake, kisha humpa alama kati ya 300 na 900. Habari za nyumbani kwa kawaida hazikufuati huko. Nilikuwa nimemaliza mkopo wa benki Morogoro bila kuchelewesha hata rejesho moja, na jambo hilo Toronto halikuwa na thamani yoyote. Kisha wengi wetu tumelelewa kuona kutodaiwa na mtu ni heshima ya nyumba. Mtu wa namna hiyo akifika kule hapewi alama mbaya. Hana alama kabisa. Wakala mwenye rundo la maombi ya nyumba moja hatahangaika naye.

Wenye nyumba nao niwatendee haki, kwa kuwa nimekaa nao na kuwasikiliza. Katika Ontario, jimbo uliko mji wa Toronto, mpangaji asiyelipa hatolewi kwa kumtupia vyombo nje. Kuna baraza maalumu la kuamua kesi za wenye nyumba na wapangaji, na kesi huweza kuchukua miezi mingi kabla haijasikilizwa. Muda wote huo mwenye nyumba analipa mkopo wa benki na kodi ya jengo kutoka mfukoni mwake. Wengi wao si matajiri. Ni mtu na mkewe walionunua nyumba moja na kupangisha sehemu ya chini ili wamudu marejesho. Hofu yao naielewa. Ninachokataa ni hofu hiyo kugeuzwa kisingizio cha kumdai mgeni kile ambacho sheria imekataza, kwa kuwa tu mgeni hajui.

Na mgeni hajui. Wakala wa kwanza aliyeonyesha nia ya kunipa nyumba aliniambia kwamba, kwa kuwa sina historia, nilipe miezi sita kabla ya kuingia. Moyo wangu haukushtuka hata kidogo. Kwetu ndiyo kawaida. Hapo ndipo sisi tunaotoka Afrika Mashariki tunaponaswa kirahisi kuliko wengine: tunasikia dai lisilo halali na kwetu linasikika kama desturi ya nyumbani. Sheria ya upangaji ya Ontario, ya mwaka 2006, inamruhusu mwenye nyumba kudai amana moja tu ya kodi, nayo haizidi kodi ya mwezi mmoja kwa anayelipa kila mwezi. Amana hiyo ni ya kulipia mwezi wa mwisho utakaokaa. Ndiyo maana watu wa kule husema wanalipa wa kwanza na wa mwisho. Hakuna amana ya uharibifu. Hakuna ada ya kuomba nyumba. Amana ya ufunguo ipo, lakini haitakiwi kuzidi gharama ya kuchonga ufunguo mwingine, na unarudishiwa ukiurudisha. Halafu kuna jambo lililonishangaza zaidi: ile amana ya mwezi wa mwisho inatakiwa ikupatie riba kila mwaka, kwa kiwango kile kile ambacho serikali inaruhusu kodi ipande mwaka huo. Mwaka 2024 kiwango kilikuwa asilimia 2.5.

Kuhusu ile sehemu tupu ya fomu, Tume ya Haki za Binadamu ya Ontario imeshasema wazi: mwenye nyumba anaweza kuuliza historia ya upangaji na ya mikopo, ila mtu kutokuwa na historia hiyo kusihesabiwe dhidi yake. Kuwa na historia mbaya na kutokuwa nayo ni mambo mawili tofauti. Natamani kila mgeni angeambiwa hilo tangu uwanja wa ndege. Halitamfungulia mlango wowote siku hiyo, maana anayekukataa hakupi sababu. Anakwambia tu nyumba imeshachukuliwa. Lakini litamwondolea ile aibu ya kudhani kuna ubaya umeonekana ndani yake.

Chumba changu cha kwanza sikukipata kwa fomu. Nilikipata kwa maneno ya watu, ndani ya nyumba ya familia moja iliyotoka pande zetu, chini ya ardhi, kwenye sehemu wanayoiita besmenti. Dirisha lilikuwa juu ya kitanda, usawa wa ardhi ya nje, na theluji ikianguka usiku asubuhi hupati mwanga mpaka mtu atoke na koleo. Jiko tulilitumia pamoja na wenye nyumba. Kwa miezi ya mwanzo niliona nimepata ndugu. Hakuna aliyeniuliza alama wala barua, tulikula ugali pamoja Jumapili, watoto waliniita shangazi. Kisha ndugu yao akapata viza, na siku ya Jumatano nikaambiwa nitafute pa kwenda kabla ya Jumamosi.

Nilikwenda kituo cha msaada wa kisheria cha mtaani, kimoja cha vile vituo ambavyo huduma zake ni bure kwa mwenye kipato kidogo, nikiamini ile sheria ya 2006 itanilinda. Yule dada wa kituoni aliniuliza swali moja: jiko ni la nani? Nikamweleza. Akafungua kifungu na kunisomea taratibu. Mpangaji anayelazimika kutumia jiko au bafu pamoja na mwenye nyumba, au na jamaa wa karibu wa mwenye nyumba anayeishi humo, hayumo ndani ya sheria ile. Hana haki ya notisi ndefu ya kuhama, wala hana baraza la kukimbilia. Kwa hiyo wale wanaopokea wageni kwa mlango rahisi kuliko wote, yaani watu wetu wenyewe wenye chumba cha ziada, ndio wanaowaweka mahali palipo wazi kuliko pote. Siwalaumu kwa kupangisha. Bila wao wengi tungelala vituo vya dharura. Nasema anayeingia chumba cha namna hiyo aambiwe siku ya kwanza kwamba pale ni pa kupita, na aanze siku hiyo hiyo kujenga jina lake.

Wapo pia wasiostahili huruma yoyote. Kuna wanaoweka picha za nyumba nzuri mtandaoni kwa bei ya chini, wakidai wenyewe wako nje ya nchi kikazi, na kwamba ukituma amana ufunguo utakuja kwa posta. Nyumba yenyewe ni ya mtu mwingine kabisa, hata haipangishwi. Mgeni aliyechoka kukataliwa ndiye mawindo yao, kwa sababu ni yeye pekee atakayefurahi kwamba hakuulizwa chochote. Usilipe nyumba ambayo hujaingia ndani, au ambayo mtu unayemwamini hajaingia kwa niaba yako. Na ukiingia, fungua bomba la maji moto, angalia dirisha kama mtu mzima anaweza kupita moto ukitokea, tafuta king'ora cha moshi na cha hewa ya sumu ya kaboni. Uliza joto la nyumba linaongozwa na nani. Jiji linataka mwenye nyumba anayewajibika na joto alifikishe nyuzi 21 katika msimu wa baridi, na mtu aliyekulia Morogoro hawezi kujua mapema maana ya kuishi nyuzi 15 usiku kucha.

Aliyenitoa kule besmenti ni mama mmoja tuliyefanya naye kazi jikoni, mzaliwa wa Uvira. Aliishi kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, miaka mingi kabla ya kuhamishiwa Kanada, na Kiswahili chake kilikuwa na Kongo na Kigoma ndani yake kwa pamoja. Nilipomsimulia habari ya wakala na miezi sita yake, aliweka kisu chini. "Mwanangu, hiyo pesa usitoe," aliniambia. "Hapa ni mwezi wa kwanza na wa mwisho, basi. Anayetaka zaidi anaona wewe ni mgeni." Kisha akanieleza namna ya kutengeneza bahasha, na akanituma nyumbani kuitengeneza usiku ule ule.

Bahasha ile naiona hadi leo. Juu kabisa kulikuwa na barua ya mwajiri, yenye tarehe niliyoanza kazi, saa ninazofanya kwa wiki na ninacholipwa kwa saa. Nyuma yake hati za mshahara, taarifa ya benki yenye kuonyesha akiba yangu, nakala ya kitambulisho. Namba ya hifadhi ya jamii, ile ya tarakimu tisa, mama wa Uvira alinikataza kuiweka, kwa kuwa mwenye nyumba hawezi kukulazimisha uitoe na ikiangukia mikono mibaya mtu atakopa kwa jina lako. Chini kabisa niliweka karatasi ambayo mimi ndiye niliyeisisitiza. Yule mama wa Kihonda alikuwa amemwambia mjukuu wake aniandikie barua, naye akatia saini kwa mkono wake, na mwenyekiti wa mtaa akagonga muhuri wa bluu. Ilisema nimekaa kwake kwa amani, kodi sikuchelewesha, na nilipoondoka nilipaka rangi chumba na kukiacha kisafi. Nilimlipa mtu mwenye kibali aitafsiri kwa Kiingereza, nikaambatanisha zote mbili.

Nyumba tuliyokwenda kuiona ilikuwa Scarborough, humo humo Toronto, sehemu ya juu ya nyumba ya mzee mmoja mjane aliyehamia Kanada akiwa kijana. Alipitia karatasi moja baada ya nyingine bila kusema neno. Alipofika kwenye muhuri wa bluu akasimama, akauliza kama namba iliyoandikwa pale inapatikana. Ilikuwa saa nane mchana Toronto, yaani saa nne usiku Morogoro. Nikapiga. Mjukuu ndiye aliyepokea, akawa anatafsiri, na bibi yake akisikika nyuma akiongea kwa sauti ya juu kama watu wanavyofanya simu inapotoka mbali. Mzee aliuliza maswali mawili matatu ya kawaida, kisha akauliza kwa nini niliondoka. Jibu lilikuja refu. Mjukuu akalifupisha: "Bibi anasema hakumfukuza. Anasema mwambie huyo baba kwamba kile chumba hadi sasa anakiita chumba cha nesi."

Ingekuwa hadithi ya kubuni, mzee angenipa ufunguo hapo hapo. Aliguswa, niliona, lakini bado alitaka mtu wa Ontario atie saini ya udhamini. Simlaumu; Morogoro ni mbali, na simu haiwezi kulipa kodi. Mama wa Uvira alivuta kiti, akavaa miwani, akasoma karatasi ya udhamini mstari kwa mstari, akauliza maana ya maneno mawili, akasaini. Nilijua mshahara wake kwa sababu ulikuwa sawa na wangu. Nilijua pia alichokuwa anakiweka mezani: nikishindwa kulipa, yeye ndiye atakayedaiwa. Tukiwa kwenye basi nilianza kumshukuru akanikatisha. Akasema alipofika Kigoma na watoto bila chochote, kuna familia ya Kasulu iliyomwamini kwa debe la mahindi kabla hawajajua hata jina lake lote.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Sheria nzuri ilikuwepo, na ilinisaidia kukataa miezi sita. Karatasi zangu zilikuwa safi, na zilinifikisha mezani. Lakini kilichofungua mlango ni mama mpishi aliyekubali jina lake lishikiliwe badala ya langu. Serikali na mashirika hufundisha wageni kuandika barua za kazi na kupanda treni, na hilo ni jema. Udhamini hauwezi kutolewa kwa semina. Unatoka kwa waliotangulia, mmoja mmoja, na waliotangulia wengi wanauogopa. Nimekaa kwenye vikao vya jumuiya zetu ambapo michango ya msiba inapatikana kwa saa moja, dola kwa maelfu, na watu wale wale wakiombwa wamdhamini kijana aliyefika mwezi uliopita kila mmoja anatazama simu yake. Tunawazika wenzetu kwa ukarimu mkubwa kuliko tunavyowapokea. Hili linaniumiza, na sioni kwa nini tuendelee kulinyamazia.

Uoga wenyewe una sababu, kwa hiyo dawa yake ni kujua unachosaini. Ukaniingia mimi pia ilipofika zamu yangu. Katika miaka iliyofuata nilichukua kadi ya mkopo ya dhamana, ile ambayo unaweka fedha yako benki kwanza kisha unaitumia kidogo na kulipa yote kila mwezi, mpaka alama zangu zikapanda. Kodi nililipa kwa benki ili ibaki na kumbukumbu, na risiti niliziomba. Mwenye nyumba halazimiki kukupa asipoombwa, ila ukiomba anatakiwa akupe bure. Mkataba wangu ulikuwa ule wa kawaida wa serikali, unaotakiwa kutumika katika upangaji mwingi tangu 30 Aprili 2018, wenye maelezo ya haki za pande zote mbili kwenye kurasa zake za nyuma. Asiyepewa anaweza kuudai kwa maandishi, na mwenye nyumba ana siku 21 za kuutoa. Nilipohama, kitu cha mwisho nilichomwomba mzee wa Scarborough kilikuwa barua ya kunitambulisha. Safari hii iliandikwa kwa Kiingereza na ilikuwa na namba ya simu ya Toronto.

Basi alipokuja kijana mmoja wa Kigoma, fundi umeme, mwenye kazi ya ghala na sehemu tupu katika fomu yake, sikuhitaji kuelezwa. Nilimwuliza maswali ambayo mama wa Kihonda angemwuliza: ametoka kwa nani, analala wapi sasa, nani kazini anayemfahamu. Nikampigia msimamizi wake wa zamu. Nikaangalia mshahara wake na kodi anayoomba, nikaona anaimudu na kubakiwa na nauli na chakula, kwani kumdhamini mtu kwenye nyumba asiyoiweza ni kumzamisha na wewe mwenyewe kuzama naye. Kisha nikaisoma ile karatasi ya udhamini kama nilivyomwona mama wa Uvira akisoma yake. Haikuwa na mwisho. Ilinifunga kwa muda wote atakaoishi mle, hata baada ya mkataba wa mwaka kwisha na kuwa wa mwezi kwa mwezi. Nilimwambia mwenye nyumba niko tayari kusaini kwa mwaka wa kwanza tu, na kwa kodi iliyoandikwa pale, kwa kuwa baada ya mwaka kijana atakuwa na historia yake mwenyewe na hatanihitaji. Alifikiri kidogo, akasema ni sawa. Akaongeza sentensi hiyo kwa kalamu pembeni ya karatasi, tukaweka herufi za majina yetu mbele yake sote watatu, na kijana akaomba nakala kabla hatujainuka.